Victoria alitawala miaka 63, msituambie gauni lilikuwa moja

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Nimechoka na watu wanaowatolea mfano wanawake wa Uingereza enzi za Malkia Victoria, eti walivaa kistaarabu, gauni refu lilelile toka anaanza kutawala 1837 mpaka anafariki 1901. Jamani! Fasheni ilikuwa inageuka kila baada ya miaka michache.

Chukua miaka 30 ya mwisho tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 sketi zinatunishwa nyuma, ndani mtu kafunga mto au fremu ya waya kiunoni (wanaocheka vigodoro vya siku hizi wajue havijaanza jana). Kufika 1878 hivi mtuno hakuna, gauni limebana mapajani mpaka mtu anatembea hatua fupifupi, halafu kwenye 1883 mtuno ukarudi tena mkubwa kuliko wa kwanza, na 1890 ukawa umeshapotea. Wakahamia mabegani sasa, 1895 mikono ya gauni imefura kama puto toka begani hadi kiwiko, kutoka hapo kushuka chini imebana kabisa.

Na muda wote huo koseti, vazi la ndani la kubana kiuno lililokazwa kwa vijiti vigumu, iko palepale kiunoni. Uzito je? Rational Dress Society, chama cha kudai wanawake wavae nguo nafuu kilichoanzishwa London 1881, kilitaka nguo za ndani tu zisizidi pauni 7, yaani kilo 3 na ushee, sasa kama hiyo ndo ilionekana nafuu piga hesabu wengine walikuwa wanabeba nini.

Mimi naona baiskeli ilisaidia kuliko hotuba zote. Miaka ya 1890 wanawake wakaanza kuendesha kwa wingi, sketi ndefu zinanasa kwenye mnyororo, wachache wakathubutu kuvaa suruali pana za kuishia chini ya goti na walitukanwa vibaya sana. Lady Harberton, mmoja wa waanzilishi wa chama hichohicho, 1898 alifika na baiskeli yake hoteli ya Hautboy kule Ockham kavaa hivyo, mwenye hoteli akamkatalia kuingia ukumbi wa kahawa, akaelekezwa chumba cha upande wa baa. Kesi ikaenda mahakamani 1899, na upande wa Lady Harberton ukashindwa.

Kwa hiyo mkichapisha picha ya gauni la zamani tuwekeeni na mwaka, kuandika "zama za Victoria" peke yake hakutusaidii kitu.

Msomaji wenu