Barua kwa mdogo wangu anayemfuata mumewe Gujarat

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na za shemeji yako zimo humu humu. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema viza imetoka, tiketi iko njiani, na kinachokunyima raha ni kule kushinda ndani peke yako wakati mumeo yuko chuoni, katika mji usiojua mtu wala lugha. Nimeona nikujibu hadharani, maana hauko peke yako. Kila mwaka kuna wake kwa waume kutoka kwetu wanaokwenda India kwa masomo, kazi au matibabu, na wengi wanarudi wameona hospitali, chuo na maduka basi.

Nina jambo moja la kukuambia, mengine yote yanalifuata: usikubali kuishi Gujarat bila kucheza garba, ngoma yao ya duara, na mumeo. Sisemi kwenda kutazama. Nasema kucheza.

Kwanza ondoa kichwani ile India ya kwenye filamu, ya nchi nzima kucheza mtindo mmoja. Kule kila jimbo lina ngoma zake na namna yake ya kusherehekea, hata pale sikukuu inapokuwa ileile. Chukua Navaratri, usiku tisa mfululizo wa kumtukuza mungu wa kike, ambazo huangukia Septemba au Oktoba kwa kufuata mwezi. Kolkata, siku hizo ni za Durga Puja: mafundi wa mtaa wa Kumartuli wanafinyanga masanamu ya udongo ya mungu wa kike Durga miezi kadhaa kabla, watu wanatembea usiku kucha kutoka banda moja hadi jingine kuyaona, kisha yanateremshwa mtoni Hooghly na udongo unarudi majini. Mysuru wanawasha maelfu ya taa kwenye jumba la mfalme, na siku ya kumi tembo anapita barabarani amebeba kiti cha dhahabu. Tamil Nadu akina mama wanapanga wanasesere kwenye ngazi sebuleni na kutembeleana. Kaskazini wanaigiza hadithi ya mungu Rama na kuchoma sanamu la adui yake, Ravana. Gujarat wanacheza. Usiku wote tisa wanacheza, mabinti, babu zao, wauza duka, madaktari, wote. Kwa hiyo Mungu amekupangia jimbo zuri.

Usiku wenyewe unakwenda hivi. Katikati ya uwanja huwekwa picha au sanamu ya Amba, mungu wao wa kike, na pembeni yake chungu cha udongo kilichotobolewa matundu, ndani yake taa ya utambi. Chungu ni tumbo la mama, taa ni uhai uliomo. Watu wanaanza na aarti, yaani kuimba na kuzungusha sinia la taa mbele ya mungu wao, kisha duara linaanza kuzunguka kile chungu, kinyume cha saa. Mwanzoni ni polepole kabisa. Hatua mbili, kofi. Hatua mbili, kofi. Kuna mtindo wa makofi mawili na mtindo wa makofi matatu. Anza na huo wa matatu, simama nyuma ya mama mtu mzima, fuata visigino vyake na wala usitazame mikono. Mikono itakuja yenyewe. Mpiga dhol, ile ngoma yao kubwa, anaongeza kasi kidogo kidogo bila wewe kugundua, hadi sketi zote zimefunguka na mchanga unaruka. Duara likijaa, jingine linaanza ndani yake, na jingine ndani ya hilo.

Baadaye ndipo vinakuja vijiti, dandiya. Hapa ndipo penye utamu kwa watu wawili waliooana. Mnasimama mistari miwili mkitazamana, kila mtu na vijiti vyake viwili. Unagonga na aliye mbele yako, unazunguka, unasogea kwa mwenzake. Basi mumeo anakuondokea taratibu, yuko wa pili, wa nne, hadi unamwona kilemba tu kule mwisho wa mstari. Unagonga na mtoto wa shule, unagonga na bibi mwenye miwani, kisha unainua macho na huyo hapo amerudi mbele yako, jasho linamtiririka, anacheka. Mimi na shemeji yako tumeoana siku nyingi, lakini sikumbuki mahali pengine nilipofurahi hivyo kumwona akinijia.

Mavazi usiyadharau. Wanawake wanavaa chaniya choli: sketi pana ya marinda, blauzi fupi na mtandio, vyote vimedariziwa kwa nyuzi za rangi na vioo vidogo vidogo. Darizi ya Kutch ndiyo yenye sifa. Mkiwa Ahmedabad, nendeni soko la Law Garden jioni, vibanda vimejaa, na bei ya kwanza msiikubali. Wanaume wanavaa kediyu, shati fupi lililorundikwa marinda kifuani, na kilemba. Choli inafungwa mgongoni kwa kamba ndefu zenye vishada, huwezi kujifunga mwenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya shemeji yako, na mimi nilimsokota kilemba. Ile nusu saa ya kuvalishana, madirisha wazi, dhol za mtaa wa pili zimeshaanza kusikika, naihesabu kuwa sehemu ya sherehe yenyewe.

Sasa kuhusu mahali pa kwenda. Vadodara na Ahmedabad kuna viwanja vikubwa vya kulipia, na mwimbaji jukwaani, vipaza sauti, na maelfu kwa maelfu ya watu wanaozunguka kwa pamoja. Nendeni usiku mmoja, mkaone, maana ukitazama kutoka juu unapata kizunguzungu kwa uzuri. Ila moyo wangu uko kwenye garba ya mtaani, ile wanayoiita sheri garba, inayochezwa uani kwa majengo au kwenye uchochoro wa mji wa zamani. Pale watu wanajuana. Ukikosea hatua, mtu anakushika mkono na kukurudisha. Ukichoka, unaletewa maji na kiti. UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2023, na kikao chenyewe kilifanyika huku kwetu Afrika, Kasane, Botswana. Mimi nasema urithi huo unaishi zaidi kwenye zile nyua ndogo kuliko kwenye viwanja vya tiketi. Na usiogope kurudi usiku wa manane: jimbo lile limepiga marufuku pombe tangu lilipoundwa mwaka 1960, na siku hizo tisa barabara zimejaa familia hadi usiku mkubwa.

Najua mama atauliza kuhusu dini, na anayo haki. Garba ni ibada, tusijidanganye kwamba ni disko. Sisi tulikubaliana mapema: tunavua viatu panapovuliwa, aarti ikiimbwa tunasimama pembeni kimya, na tukipewa kitu tusichoweza kukila kwa imani yetu tunakipokea kwa mikono miwili na kumpa jirani kwa maneno mazuri. Hakuna aliyewahi kukasirika. Lakini nikuambie ukweli pia: baadhi ya waandalizi wa viwanja vikubwa wanataka Wahindu tu, na wapo wanaokagua vitambulisho mlangoni. Usiende kubishana getini. Uliza kabla, na kama unaweza, mpitie na jirani anayejulikana. Mtaani mambo ni mepesi, maana mwenyeji wako ndiye mlango wako. Na mtatazamwa, mdogo wangu. Mtaombwa picha na watu msiowajua. Mkiwa wawili inakuwa rahisi kukubali, au kukataa kwa upole na kuendelea na safari.

Usiku wa tisa ukiisha, asubuhi yake ni Dussehra, sikukuu ya siku ya kumi, na Gujarat nzima inapanga foleni kununua fafda na jalebi. Fafda ni vipande vikavu vya unga wa dengu vilivyokaangwa, vinaliwa na papai bichi lililokwaruzwa na pilipili za kukaanga; jalebi unaijua, ni tamu ya kunata vidole. Kuleni zote kwa pamoja, chumvi na sukari, mkiwa mmesimama barabarani.

Januari 14 ni Uttarayan, siku ya tiara. Mji mzima uko juu ya mapaa tangu alfajiri. Hii inataka watu wawili hasa, mmoja anarusha na mwingine anashika kibiringo cha uzi, na ukilegeza vibaya mwenzio anakatwa. Ukikata tiara ya mtu unapiga kelele "kai po che!" na paa zima linakujibu. Uzi umepakwa unga wa kioo, kwa hiyo funga vidole kwa plasta, na kama mnatembea kwa pikipiki siku hizo mfunike shingo. Uzi ule unaua ndege na unajeruhi watu kila mwaka, na jambo hilo linaniuma. Baada ya Uttarayan kuna tamasha la ngoma za kitamaduni mbele ya hekalu la jua la Modhera, lililojengwa karne ya 11. Jukwaa halina mapambo, hekalu lenyewe limemulikwa nyuma ya wachezaji, na linatosha.

Kisha kuna Masidi. Hawa ni Wagujarati wenye asili ya Afrika, ambao mababu zao walivuka bahari kama watumwa, mabaharia na askari. Wengine wanaishi Jambur, karibu na msitu wa Gir, na ziara yao kubwa ni kaburi la Bava Gor kule Ratanpor. Tuliwatazama wakicheza Dhamal: sketi za manyoya ya tausi, nyuso zimechorwa, ngoma mbili, mugarman na musindo, na kibuyu kilichofungwa kwenye upinde wa waya, malunga. Mchezaji mmoja alirusha nazi juu sana, akaisubiri, akaipasua kwa kichwa, maji yake yakatumwagikia tuliokaa mbele. Shemeji yako alisimama wima, akapiga kigelegele cha kiume ambacho sijamsikia akikipiga tena. Ukiwaona, ushauri wangu ni mmoja: usiwafanye ndugu waliopotea wanaosubiri kuokolewa. Lugha yao ni Kigujarati, nyumbani kwao ni pale. Wasalimie kwa heshima ya msanii, kaa, sikiliza ile ngoma. Mengine mwili wako utayatambua wenyewe.

Mkipata likizo, shukeni Kerala, jimbo la kusini. Shemeji yako ni mtu wa ngoma, kwa hiyo tulianzia Thrissur, kwenye Pooram, sikukuu ya mahekalu ya Aprili au Mei. Saa nane mchana, kwenye joto lisilosemeka, wapigaji zaidi ya mia mbili wanasimama chini ya mti wakiwa na ngoma za chenda, matoazi na baragumu zilizopinda. Wanaanza pole kama watu wanaotembea. Baada ya saa mbili hivi umati mzima umeinua mikono hewani na kuitupa kwa pamoja kwenye kila pigo. Shemeji yako alilia, na haoni aibu kusema. Mimi sikuweza kufurahia kikamilifu, kwa sababu ya tembo waliosimama mchana kutwa na minyororo miguuni. Tuliliongelea sana hilo kwenye treni, na hadi leo hatujakubaliana.

Yangu ilikuwa Theyyam, ngoma ya ibada, huko Kannur, kaskazini mwa jimbo lilelile, msimu wa Novemba hadi Mei. Haichezwi ukumbini, inachezwa uani kwenye madhabahu ya ukoo, mara nyingi usiku hadi alfajiri. Mchezaji analala chali saa nzima na zaidi akichorwa uso kwa mistari myembamba ya rangi, nyekundu na nyeusi, kisha anafungwa kichwani taji refu kuliko yeye. Mwisho anapewa kioo cha mkononi. Anajitazama, mabega yanaanza kutetemeka, na kuanzia hapo watu hawamwiti tena kwa jina lake, anaitwa kwa jina la mungu. Wachezaji hawa wanatoka kwenye jamii zilizodharauliwa kwa karne nyingi, lakini asubuhi ile matajiri na watu wa tabaka la juu wanapanga mstari mbele yake, wanainama, wanamweleza shida zao. Niliona mke na mume wamesimama mbele yake, akawashika wote wawili mikono na kusema nao muda mrefu kwa sauti ya chini. Sikuelewa neno hata moja, na sikuhitaji.

Usimlazimishe mumeo apende unachopenda wewe. Mwache asimame karibu na wapiga ngoma, wewe nenda ukatazame nyuso, mkutane kwenye chai na kila mmoja amwambie mwenzake alichokiona. Sisi tulikuwa tunafika nyumbani alfajiri bado tunasimuliana.

Mkifika, mwambie jirani wa kwanza atakayekusalimia kwamba unataka kujifunza garba. Kwa kawaida mazoezi huanza wiki kadhaa kabla ya Navaratri, na watakuvuta wenyewe. Beba khanga za kuwazawadia akina mama wa jengo, watazipenda. Vipimo vyako vya choli nitumie wiki hii, ninamjua fundi mzuri, na kediyu ya shemeji yangu naigharamia mimi.

Dada yako anayekupenda.