Uanagenzi wa ndege usiwe wa wenye nauli tu

Mhariri,

Msimu uliopita binti yangu alifanya uanagenzi wa utafiti wa ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ashatega nyavu. Ndege akinaswa, wanampima bawa, wanamvisha pete ya utambulisho mguuni, wanamwachilia. Alinifundisha mlio wa bundi wa Sokoke, kijindege cha sentimita 16 hivi. Mimi mzaliwa wa Gede nilikuwa nikiusikia na kufunga dirisha, eti mkosi!

Ila nauli ya bodaboda na chakula nilimlipia mimi, kwa pesa za maembe. Mwenzake wa kijiji cha Dida aliacha wiki ya pili. Miradi iwalipe vijana angalau nauli.

Mama wa mwanagenzi,
Gede, Kilifi