Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kikundi cha Wanaoishi na VVU

Ndugu wanachama,

Vikao vya kila mwezi, kuwajulia hali wagonjwa na maadhimisho ya Siku ya UKIMWI Duniani, tarehe 1 Desemba, vilifanyika kama mnavyojua. Sitarudia.

Niende kwenye lililoleta maneno. Kamati, kwa pendekezo langu, ilihamisha robo ya mfuko wa rambirambi iwe nauli na gharama za vipimo. Tangu hapo nasikia eti mwenyekiti anakula sanda. Muhtasari wa kikao upo, risiti ziko kwa mweka hazina. Mwenye shaka aje azione.

Duniani kote, kinachotuua zaidi sisi tunaoishi na VVU bado ni kifua kikuu, ugonjwa unaotibika, na unaozuilika kwa dawa ya mara moja kwa wiki, wiki 12 tu. Halafu ipo homa ya uti wa mgongo ya fangasi: mwaka 2020 ilikadiriwa kuua watu 112,000, karibu mmoja kati ya kila watano waliokufa kwa UKIMWI. Mwenye CD4 (chembe za kinga ya mwili) chini ya 200 akipimwa damu mapema, fangasi hao huonekana kabla kichwa hakijaanza kumuuma. Sasa niambieni, tungoje tununue sanda?

Waliozoea dawa za VVU nao wasijidanganye. Virusi vimefubaa, lakini moyo, figo na ini bado huweza kuugua, havisomi kadi ya kliniki. Mwanamke mwenye VVU ana hatari mara 6 zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi, na bado kina mama wengi hapa hawajapimwa. Wengine wameacha dawa kimya kimya; tunawajua. Vifo vya UKIMWI duniani vilishuka kutoka milioni 2.1 mwaka 2004 hadi takriban 630,000 mwaka 2023, na havikushushwa na michango ya misiba.

Niliposema haya kikaoni, niliambiwa naleta uchuro. Siku ya mada ya kifua kikuu viti vilikuwa vitupu, siku ya kugawa fulana watu walisimama. Ada imelipwa na chini ya nusu yenu, na wanaoulilia mfuko kwa sauti kubwa ndio wadaiwa. Simu za kuwakumbusha nimepiga kwa salio langu.

Mwakani, Mungu akijalia, tutatafuta wadhamini na mashine ya kupimia presha. Uchaguzi unakaribia, kwa mujibu wa katiba, asiyelipa ada hapigi kura.

Mwenyekiti