Hizo eosinofili zako

Moshi, Jumapili jioni

Neema mpendwa,

Habari za Arusha na baridi yake? Huku hatujambo, mlima umejitokeza tangu asubuhi.

Nimeiona karatasi yako ya majibu ya damu. Kwanza litoe hilo neno kansa kichwani. Kilichopanda ni eosinofili, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu: asilimia 18, wakati kwa kawaida hazifiki hata 6 kati ya seli nyeupe zote. Mimi nazitazama kwa darubini kila siku. Damu ikipakwa rangi ya maabara iitwayo eosini, seli hizo huonekana zimejaa vichembe vya rangi ya chungwa, kama ulezi kwenye kibuyu. Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1879, zikapata jina la rangi hiyohiyo.

Pumu na mzio huzipandisha pia, ila wewe huna. Ulichonacho ni siku tatu za kupandikiza mpunga nasi Chekereni, peku, maji magotini. Ule muwasho wa miguu ulidhani ni mbu? Majaruba yale yana konokono wa kichocho, bibi wewe, na minyoo michanga inayotoka kwao hupenya ngozi ya aliyesimama majini.

Seli nyeupe nyingine humeza bakteria mzimamzima. Mnyoo hamezeki. Umewahi kuona siafu wamemvaa nyoka? Ndivyo ilivyo: kingamwili humganda mnyoo mchanga, eosinofili zikashika hapohapo na kumwaga vile vichembe juu ya ngozi yake, navyo ni sumu. Wengine hufa. Anayepona hukomaa, akajivika protini za damu yako mwenyewe, na askari wakipita wanamwona mwenzao. Anaweza kukaa humo miaka na miaka, akitaga.

Kwamba choo hakikuonyesha mayai, hilo lisikutulize. Huchukua wiki 5 hadi 7 hivi tangu kuingia majini ndipo yaonekane, na wewe una wiki 4. Rudia kipimo. Wala usikimbilie duka la dawa leo: prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua waliokomaa, wachanga wengi huiponyoka. Mwambie daktari ulisimama kwenye majaruba, maana usiposema hatauliza. Yule wa kwanza si alikuandikia dawa ya taifodi bila hata kukuuliza umetoka wapi?

Mpunga wako umeshika vizuri, mistari imepinda kidogo tu. Mama anakusalimu. Nimenunua gambuti jozi mbili, nyekundu ni zako.

Ni mimi,
Anna