Barua ya Mwalimu Mkuu ya kufunga muhula: watoto wetu wenye usonji

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi,
Jiji la Mbeya.
Juni

Kwa wazazi na walezi wote wa wanafunzi wa Darasa la Awali hadi la Saba.

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA OMBI KUHUSU WATOTO WENYE USONJI

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Nawasalimu nyote, na ninawashukuru kwa namna mlivyowaleta watoto shuleni muhula wote huu, hata katika zile wiki za Machi ambapo mvua ilikata njia ya bondeni na wengi wenu mkawabeba wadogo mgongoni hadi getini. Taarifa ya maendeleo ya kila mwanafunzi imo katika bahasha hii. Tarehe ya kufungua shule mwezi Julai imebandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na mapato na matumizi ya shule. Wanafunzi wa Darasa la Saba wana mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwezi Septemba, kwa hiyo ninaomba wasimalizie likizo yote shambani, ingawa najua mahindi yanasubiri kuvunwa. Hayo yanatosha. Sehemu yote iliyobaki nimeitenga kwa jambo moja ambalo walimu, Kamati ya Shule na mimi tumekuwa nalo tangu Januari.

Shuleni kwetu kuna watoto wanne ambao, baada ya kupimwa hospitali, tunajua kwamba wana usonji. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo huanza utotoni, na kwa wengi dalili huonekana kabla mtoto hajafikisha miaka mitatu: huchelewa kusema au husema kwa namna yake, haitiki akiitwa jina, hushikilia utaratibu mmoja na kufadhaika ukibadilishwa, hukaa nusu saa akipanga vizibo vya soda kwa mstari, na mara nyingi sauti, mwanga au nguo ambayo sisi hatuioni kuwa ni kitu, kwake ni maumivu. Hawafanani. Katika hawa wanne wetu, mmoja hasemi neno hata moja, na mwingine husoma ukurasa mzima wa gazeti kwa sauti lakini hawezi kuomba maji ya kunywa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Shule yetu ina wanafunzi zaidi ya 1,100. Makadirio ya dunia nzima hayawezi kupima mtaa mmoja kwa usahihi, lakini hata tukiyachukua kwa tahadhari tungetarajia kuwa na watoto wanane au tisa, nasi tunao wanne. Ninyi mnaoishi nao mnajua wengine walipo. Wapo waliokaa madarasani wakiitwa wakaidi au wazito, na wapo ambao hawajawahi kuvuka geti hili, wamefungiwa chumba cha uani wageni wakija, na mama zao huulizwa na mawifi walikosea nini wakati wa mimba.

Kabla sijamwomba mzazi yeyote abadilike, inanipasa kueleza kosa langu. Kwa miaka mingi kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi ulio karibu na dirisha la Darasa la Pili, ikigongwa kwa nondo. Mwaka jana mvulana mmoja wa darasa hilo alikuwa, kila ikigongwa, anaziba masikio, anapiga kelele na kukimbilia nyuma ya vyoo. Mara mbili niliagiza apewe adhabu ya kufagia uwanja kwa kutoroka kipindi. Ilipofika Juni, na baridi yetu mnaijua, akaanza kuvua sweta la sare na kulitupa chini, akaadhibiwa tena, safari hii kwa ukaidi. Jumatatu moja mama yake, ambaye huuza vitumbua, alikuja ofisini na sweta lile mkononi. Aliligeuza ndani nje juu ya meza yangu, akanionyesha lebo ngumu ya shingoni na mshono wa begani, kisha akaniomba nipitishe kidole pale. "Mwalimu," akasema, "hapa panamchoma kama upupu." Alikata lebo kwa wembe, akashonea kipande cha fulana ya pamba kwa ndani, na kesho yake mtoto alilivaa sweta lake mpaka saa ya kurudi nyumbani. Rimu tumeihamishia nyuma ya ofisi, na mwalimu wa darasa humwonyesha kadi ya njano dakika chache kabla haijagongwa. Akiiona kadi huziba masikio mwenyewe, husubiri, halafu hutoka na wenzake. Nimewaomba radhi yeye na mama yake, na ninaandika habari hii kwa ruhusa ya mama. Nilimwadhibu mtoto kwa maumivu aliyokuwa hawezi kuyaeleza, na marekebisho yote yaligharimu wembe, kipande cha fulana na kipande cha karatasi ngumu. Kuanzia muhula ujao, mtoto yeyote anayesumbuliwa na sweta anaruhusiwa kulishonea kitambaa laini kwa ndani au kuvaa fulana ya pamba chini yake, bila kuhitaji barua ya daktari.

Wazazi watatu, kwa nyakati tofauti, walinijia muhula huu wakiomba watoto wao wahamishwe dawati ili wasikae na mtoto mwenye usonji. Niliwasikiliza, kwa kuwa najua walikuja kwa hofu ya mzazi na si kwa ubaya. Jibu langu kwao na kwenu nyote ni kwamba usonji hauambukizwi kwa kukaa pamoja, kula sahani moja wala kuvaliana sweta. Wataalamu wanaueleza kuwa unatokana zaidi na vinasaba pamoja na jinsi ubongo unavyojengeka tangu mtoto akiwa tumboni. Hautokani na laana ya ukoo, kurogwa, wala malezi mabaya. Zamani hata madaktari wa Ulaya na Marekani waliwatuhumu akina mama kwamba ubaridi wao kwa mtoto ndio ulioleta hali hii, na familia nyingi ziliumizwa na tuhuma hiyo kabla haijaachwa. Ipo pia sauti inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi ikidai kwamba chanjo ya surua ndiyo chanzo. Madai hayo yalianzia kwenye makala iliyochapishwa Uingereza mwaka 1998, na jarida lenyewe liliifuta makala hiyo mwaka 2010 baada ya kubainika kwamba yaliyomo hayakuwa ya kuaminika. Ninawasihi msiache kuwapeleka wadogo kliniki kwa ajili ya sauti ile, maana surua huua.

Watoto wa wazazi wale watatu hawajahamishwa. Mmoja wao, msichana, ndiye siku hizi anayemkumbusha mwalimu kadi ya njano anapoisahau.

Mwezi Mei tulipata mtihani mkubwa zaidi. Msichana wa Darasa la Kwanza, anayelelewa na bibi yake, alipita kwenye tundu la uzio wakati wa mapumziko, na tulipogundua alikuwa tayari anaelekea barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ambako malori ya kwenda Tunduma hayakomi mchana wala usiku. Aliyemwona ni dereva wa bajaji anayepaki hapo kituoni, ambaye wiki mbili kabla alikuwa amehudhuria kikao chetu kwa sababu tu tulimwalika. Hakumkamata wala hakumpigia kelele, jambo ambalo lingemfanya akimbie kuelekea malori. Alizima bajaji, akashuka, akatembea ubavuni mwake akiliimba jina lake kwa ule mtindo ambao bibi alituonyesha kikaoni, na mtoto akageuka naye taratibu mpaka getini. Bibi alipofika alikaa chini kwenye majani asiweze kusimama. Uzio umezibwa na wazazi waliojitolea, nao ninawashukuru, lakini uzio hautoshi kwa mtoto anayependa kutembea. Kinachomlinda ni kila mwenye duka, fundi wa viatu, mama ntilie na dereva wa kituo chetu kumjua kwa sura na kujua namna anavyoitwa.

Kikao nilichokitaja kilianzishwa na mama yule wa vitumbua pamoja na bibi huyu, wakiwa wawili tu chini ya mparachichi, na sasa wanakutana familia tisa kila Jumamosi ya pili ya mwezi katika Darasa la Awali. Wapo wanaotoka Uyole na Igawilo, ambao watoto wao hawasomi hapa. Wanafundishana mambo ambayo hayamo katika vitabu vyetu vya ualimu: jinsi ya kumnyoa mtoto anayeogopa mashine, jinsi ya kumzoesha kande mtoto ambaye kwa mwaka mzima amekula viazi vitupu, nini cha kumjibu mtu kanisani anayesema mtoto ana pepo. Mara nyingine hakuna kinachofundishwa. Mama mmoja hulala saa moja kwenye mkeka huku wenzake wakimwangalizia mtoto, kwa kuwa nyumbani hapati usingizi. Ninasema kwa uwazi kwamba akina baba ni wawili tu katika kikao hicho, na hilo linanihuzunisha. Mtoto ana ubini wa baba yake, na baba anaombwa afike.

Huko London mwaka 1962 wazazi waliokataliwa na shule walikusanyika wakaunda chama chao, na miaka mitatu baadaye, mwaka 1965, chama hicho kikafungua shule ya watoto wenye usonji. Waliianzisha wazazi, serikali ikaja nyuma yao. Sisi tuna nafuu moja ambayo wao hawakuwa nayo, kwamba sheria iko upande wetu tangu mwanzo. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Sheria ya Mtoto ya mwaka huohuo inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wake. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wenzake. Hakuna mwalimu mkuu mwenye mamlaka ya kumwambia mzazi arudi na mtoto wake nyumbani. Kama uliwahi kuambiwa hivyo mahali popote, njoo hapa.

Haki hiyo inahitaji mwalimu wa kuitimiza, na hapa ndipo ninapohitaji msaada wenu. Tunaye mwalimu mmoja tu mwenye mafunzo ya elimu maalumu, aliyesoma Chuo cha Ualimu Patandi huko Arusha, naye anafundisha pia Hisabati madarasa mawili. Kamati ya Shule imeazimia kuomba kitengo cha usonji: mwalimu wa pili, na chumba kimoja tulivu ambacho mtoto aliyezidiwa na kelele anaweza kukaa robo saa kisha akarudi darasani kwake. Chumba kipo, ni stoo ya zamani ya madawati, na mafundi miongoni mwenu wamejitolea kuweka sakafu na dirisha. Barua ya kuomba mwalimu itapita kwa Afisa Elimu Kata hadi kwa Mkurugenzi wa Jiji, na swali la kwanza tutakaloulizwa ni watoto wangapi. Takwimu ambazo shule hujaza kila mwaka zina safu ya wanafunzi kwa aina ya ulemavu, na usonji umo. Mwaka huu tumejaza wanne. Kwa watoto wanne ombi letu litawekwa chini ya mafaili ya shule zenye ishirini, nami siwezi kumlaumu afisa atakayeliweka huko, kwa sababu yeye hupanga walimu kwa idadi anayoiona.

Kwa hiyo ninaomba tuwahesabu. Nyuma ya barua hii kuna nafasi ya kuandika jina la mtoto, umri na mambo mliyoyaona kwake. Mzazi ambaye mtoto wake hajapimwa aandike vilevile, kisha aanzie zahanati au kituo cha afya na kuomba rufaa ya hospitali ya mkoa. Mwalimu wetu wa elimu maalumu atamwandikia maelezo ya kubeba, na kama anaogopa kwenda peke yake, kikundi cha Jumamosi kitampa mtu wa kumsindikiza. Karatasi hizo zitakaa kabatini mwangu na hazitasomwa mkutanoni. Hakuna mchango wowote unaodaiwa kwa jambo hili, na anayejitolea kwa ujenzi wa chumba afanye hivyo kwa hiari, akipewa stakabadhi.

Kama mtoto unayemfahamu ni wa jirani, tafadhali usimwandike wewe. Nenda kwake jioni, ukae, unywe chai, uulize habari za mtoto kama unavyouliza za watoto wengine, na siku akiwa tayari mje wote wawili. Katika likizo nitakuwa ofisini kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, na barua ya Mkurugenzi itaondoka hapa wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, ikiwa na idadi yoyote tutakayokuwa nayo siku hiyo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mkuu

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Afisa Elimu Kata, Ubao wa matangazo.