Lundo la Bressay lisiitwe jiko

Mhariri,

Waandishi wengi wa habari za kale huyaita malundo ya mawe yaliyoungua ya Zama za Shaba “majiko”. Naomba nafasi nilipinge neno hilo, kwa mfano wa lundo la Cruester, kisiwani Bressay, Shetland, kaskazini mwa Uskoti.

Lundo lenyewe ni taka. Kazi ilifanyika katikati yake: upande mmoja chumba cha moto, upande wa pili birika la mabamba ya mawe lililochimbiwa ardhini, na ujia kati yao. Bahari ilikuwa inaumega ufuko, ndipo pakachimbwa mwaka 2000, na mwaka 2008 jengo hilo la mawe likahamishiwa karibu na kituo cha urithi cha kisiwa. Uamuzi sahihi kabisa.

Hapa chungu hakikai juu ya mafiga. Moto ndio unaopelekwa majini. Mawe hupashwa, hutumbukizwa birikani, maji yakachemka. Kilo ya jiwe hubeba takriban moja ya tano tu ya joto la kilo ya maji kwa kila nyuzi. Hivyo, ili zichemke, lita 100 za maji ya nyuzi 10 zinataka mawe ya nyuzi 500 yapatayo kilo 110, bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Bressay ni kisiwa cha mawe ya mchanga, nayo yakitoka motoni na kuingia majini hupasuka. Yakirudiwa mara chache yanabaki vipande. Vipande hupoa upesi na kujaza birika, basi huzolewa na kutupwa kando. Lundo hukua hivyo. Jiwe lililolowa nalo ni hatari: maji ya ndani hugeuka mvuke, likalipuka.

Nyama je? Miaka ya 1950 mwanaakiolojia O'Kelly alijaribu kule Ballyvourney, Ireland: lita 454 zilichemka kwa kama nusu saa, na paja la kondoo la kilo 4.5, lililofungwa kwa nyasi kavu, likaiva kwa saa 3 na dakika 40. Basi inawezekana. Lakini maji hayohayo yanafaa kuoga, kujifukiza, kuosha sufu au kulainisha ngozi. Uhaba wa mifupa katika malundo haya nao hauamui kesi, kwa kuwa udongo wenye asidi huila.

Andikeni “mahali pa kuchemshia maji”. Hilo mawe yenyewe yanalithibitisha.

Msomaji wenu