Rehema, usijitoe

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Kisauni. Sisi wazima, alhamdulillah, mama anakusalimu sana na anauliza utavuka lini kuja kumwona. Ningekupigia, lakini kwenye simu utanikata kauli, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho. Iache simu yako ikusomee polepole.

Mama Zuhura ameniambia. Ati unaacha kugombea uwakilishi wadi katika bunge la kaunti kwa sababu ya yule mzee aliyesimama kwenye mkutano akauliza mtu asiyeona atazionaje barabara mbovu. Rehema! Barabara za Likoni unazijua wewe kuliko yeye. Kila shimo umelipima kwa fimbo. Ni nani aliyewaambia kina mama wa sokoni kwamba kifuniko cha mtaro pale kwenye stendi kimeibwa, kabla mtoto wa watu hajatumbukia? Yeye hupita hapo ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Halafu hili la pili ndilo lililoniuma zaidi: kwamba mwenyekiti wa chama amekuambia usijichoshe, ungoje jina lako liingizwe kwenye orodha ya chama, uteuliwe bila kupigiwa kura. Sitasema kuteuliwa ni aibu. Mwangalie Crystal Asige, kalelewa hapa hapa Mombasa. Alikuwa mwimbaji, na macho yake yakachukuliwa na glakoma, maradhi yako hayo hayo. Chama cha ODM kikamteua Seneti mwaka 2022, katika zile nafasi 2 ambazo Katiba imewatengea watu wenye ulemavu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Ungewasikia watu wakisema seneta wa kuteuliwa ni pambo tu. Basi huyo pambo akaleta mswada wa watu wenye ulemavu mwaka 2023, akausukuma, na mwaka 2025 rais akautia sahihi. Ile sheria ya 2003 tuliyokuwa tukiilalamikia chuoni ndiyo hiyo imeondoka. Sasa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa atenge angalau asilimia 5 ya kazi kwa watu wenye ulemavu. Nilipolisikia hilo nilimfikiria Salim na bahasha yake ya vyeti, nikalia, wallahi.

Kwa hiyo si kiti cha kuteuliwa ninachokikataa. Ninachokiogopa ni kungoja. Orodha ni mali ya chama, hupelekwa kwa tume ya uchaguzi kabla ya kura, na wanaopanga nani awe juu na nani awe chini ni hao hao utakaotakiwa kuwakosoa kesho. Seneti angalau nafasi zile 2 zimetajwa waziwazi. Bunge la kaunti, ile orodha ya makundi yaliyotengwa mnaingia nyinyi, vijana na wengine, nafasi chache, kila mtu ana mjomba wake chamani. Wewe mjomba wako nani?

Sasa mfikirie Timothy Wanyonyi. Wakili, majambazi walimpiga risasi Nairobi mwaka 1998, mgongo ukaumia, tangu hapo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 2013 aliwaendea wapiga kura wa Westlands, hapo hapo Nairobi, wakampa ubunge. 2017 wakampa tena. 2022 akautaka ugavana wa Nairobi, muungano wa vyama vyao ukamtaka ampishe mgombea mwingine, Polycarp Igathe, akapisha. Akarudi Westlands, na wapiga kura wakamrudisha bungeni mara ya tatu. Umeona hapo? Kilichokuwa mikononi mwa wakubwa kilimponyoka. Cha wananchi kilimbakia.

Ndiyo maana nasema gombea. Chama kikikuzungusha, simama mgombea huru, ila ujiondoe chamani mapema, angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Saini zinazotakiwa ni za wapiga kura 500 wa wadi hiyo. Wazazi wa watoto uliowafundisha peke yao si wanakaribia? Mimi nitabeba karatasi, nitakaa pale karibu na feri toka asubuhi, watu wakishuka nawasimamisha. Mama Zuhura naye amekubali, na unajua mdomo wake.

Na yule mzee akirudia, usimjibu kwa hasira. Kifungu cha 54 cha Katiba kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na asiitwe kwa namna ya kumdunisha. Kisha mwombe mtembee naye kwa miguu, mbele ya watu, kutoka stendi hadi zahanati, umwonyeshe kila mtaro. Nami nitakuwepo, inshallah.

Nambie basi. Huyo mwenyekiti alikuahidi kwa maandishi au kwa mdomo tu? Kaka yako anasemaje, bado anataka ukae nyumbani? Kura yako umeshaihamisha kutoka Voi? Maana uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Yule binti anayekushika mkono kwenye mikutano bado yupo, au tutafute mwingine? Dawa za macho unatia kila siku, hata kama daktari kasema kilichopotea hakirudi? Na Jumamosi utakuwepo nyumbani, nije na hizo karatasi tuanze na majirani zako?

Wako,
Mwanaisha